Ukitaka kumjua babu wa babu yako, ingia Akaivu

Kama unaishi Nairobi, au umewahi kufika Nairobi hata siku moja, bila shaka umewahi kumngoja mtu nje ya lile jumba kuukuu lililo kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street. "Tukutane Akaivu," ndivyo watu wanavyoambiana. Hapo wapenzi hungojana, wadeni na wadai hungojana, na mgeni aliyetoka mashambani huambiwa asiondoke hata hatua moja mpaka mwenyeji wake aje kumchukua.

Lakini hebu jiulize, msomaji. Kati ya mara zote hizo ulizosimama pale ukitazama saa, ni mara ngapi umevuka mlango na kuingia ndani?

Mimi mwenyewe nilipita nje ya jumba hilo kwa miaka mingi, nikidhani ni mahali pa maprofesa na wageni wa ng'ambo. Kilichonifanya niingie si elimu. Ilikuwa ni posa.

Posa iliyokwama

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alimpata mchumba, msichana mwenye adabu ambaye kwao ni Vihiga. Sisi watu wa upande wa kijana tukafunga safari kwenda kujitambulisha, na tukapokewa vizuri kwa chai na kuku. Mambo yalikuwa yakienda sawa hadi mzee mmoja, ami yake msichana, alipoweka kikombe chini akauliza: "Kijana, ninyi ni wa ukoo gani? Babu yenu alitoka wapi?"

Mpwa wangu akajibu bila wasiwasi: "Sisi tumetoka Kitale, mzee."

Mzee akatikisa kichwa. "Kitale ni mahali mlikokwenda. Mimi nauliza mlikotoka."

Kijana akanitazama. Mimi ni mjomba tu, na ukoo wa upande wa baba yake siujui. Shemeji yangu alifariki mpwa wangu akiwa bado mdogo. Yeye alizaliwa kwenye shamba lililokuwa la mzungu karibu na Kitale, na baba yake naye alizaliwa papo hapo. Tulichojua ni kwamba wao ni Waluhya, na kwamba zamani mtu fulani katika jamaa yao alitoka nyumbani akaenda kutafuta kazi katika mashamba ya Wazungu, asirudi tena.

Wale wazee hawakutufukuza. Walisema tu kwamba kwa mila zao mtu haoi katika ukoo wake wala katika ukoo wa mama yake, na kwamba hawawezi kumtoa binti yao kwa kubahatisha, wasije wakamwoza kwa ndugu yake. "Nendeni mkatafute," wakatuambia, "kisha mrudi."

Usicheke, msomaji. Jioni ya leo, mwite mtoto wako hapo sebuleni na umwombe akutajie jina la baba wa babu yake. Wengi wa watoto wetu wanaokulia Umoja, Buruburu, Kayole au Kisauni hawatalijua. Na tuseme kweli, wazazi wengi pia hawalijui. Waliosema kwamba mwacha asili ni mtumwa hawakutuambia la kufanya endapo ni asili iliyotupotea.

Ndani ya jumba

Basi Jumatatu moja asubuhi tukavuka ule mlango. Jumba hili lilikuwa benki zamani za ukoloni, na leo ndiyo Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, idara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965 ili kutunza makaratasi ya serikali.

Ukiingia utakutana kwanza na vinyago, silaha, vitambaa na vyombo vya kale kutoka pembe zote za Afrika. Hiyo ni sehemu ya mali iliyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya mwaka 1966. Baba yake Murumbi alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Ukienda na watoto wakati wa likizo, waache wazunguke hapo kwanza. Mtu aliyetokana na mataifa mawili ndiye anayekukaribisha unapokwenda kutafuta asili yako.

Chumba cha kusomea ni mahali tofauti na hapo. Unaonyesha kitambulisho, unajaza fomu, unalipa ada, na unaacha mkoba wako. Humo watu hawapigi kelele. Utaona wanafunzi wa chuo kikuu wameinama juu ya mafaili, na pengine mzee mmoja au wawili waliovaa makoti, wanaotafuta mambo ya shamba la ukoo.

Karani wa mapokezi, kijana mpole, akatuuliza: "Mnatafuta nini?"

"Tunamtafuta babu," nikasema.

"Jina lake nani? Wilaya gani? Chifu wake alikuwa nani? Miaka gani?"

Tukanyamaza. Jina moja tulikuwa nalo, lakini ni la ubatizo, na majina kama hilo katika Kenya nzima ni kama mchanga wa pwani. Wilaya hatukujua. Chifu hatukujua. Mwaka hatukujua.

Yule kijana hakutudharau. Alitueleza kwamba mafaili hayakupangwa kwa majina ya watu. Yamepangwa kwa ofisi iliyoyaandika: mkuu wa mkoa huyu, mkuu wa wilaya ile. Kila ofisi ina herufi zake. Kwa mfano, DC/MKS ni mafaili ya mkuu wa wilaya ya Machakos, na DC/FH ni ya Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a. DC/NN ni ya Nyanza Kaskazini, ambayo kabla ya hapo iliitwa Kavirondo Kaskazini na leo imegawanyika katika kaunti za Kakamega, Vihiga, Bungoma na sehemu nyingine za magharibi. Mtu asiyejua wilaya yake ya zamani hajui hata aagize faili gani.

"Mna mzee yeyote aliye hai?" akatuuliza. "Nendeni mkamwone kwanza. Karatasi zetu hazikimbii."

Tulitoka tukiwa na aibu, lakini huo ndio ushauri bora tuliopata katika safari yote.

Nyanya wa Kitale

Katika jamaa nzima ya baba yake mpwa wangu alikuwa amebaki ajuza mmoja tu, dada yake babu, mwenye umri uliopita miaka themanini. Tulipanda matatu usiku, na asubuhi tukawa Kitale na mkate, sukari na majani ya chai.

Nyanya alifurahi kumwona mjukuu, kisha akamgombeza. "Miaka yote hii hujaniuliza. Sasa unataka mke ndipo unakumbuka kwamba nina kinywa?"

Alituambia mengi siku ile, na mpwa wangu akayaandika katika daftari. Kwamba baba yake, yaani baba wa babu yake mpwa wangu, alikuwa na jina la nyumbani mbali na lile la ubatizo. Kwamba kijiji alikotoka kilikuwa karibu na kijito fulani, akakitaja. Kwamba liguru wao, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa mtu mkali sana wa kodi, akamtaja naye kwa jina. Kwamba baba yake alisoma kwa mapadri kabla ya kuondoka. Ukoo hakuukumbuka vizuri. Alitaja majina mawili, hakuwa na hakika ni lipi la baba na lipi la mama.

"Mimi nilizaliwa huku," akasema. "Hayo nilisikia tu. Walionisimulia wote wamelala."

Mambo manne tu: jina la nyumbani, kijito, liguru na mapadri. Lakini mambo hayo manne ndiyo yaliyofungua mlango uliokuwa umefungwa.

Karatasi zinasema nini

Tuliporudi Nairobi yule karani alitabasamu. Safari hii tuliagiza mafaili ya Kavirondo Kaskazini, ya kuanzia miaka ya 1910 hadi 1930. Faili likaja limefungwa kwa kamba, karatasi zake zimekuwa za rangi ya chai. Utaambiwa uzigeuze polepole, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha kwa simu.

Hapa yafaa ujue jambo moja usije ukavunjika moyo. Karatasi hizi hazikuandikwa kwa ajili yako. Ziliandikwa na serikali ya kikoloni kwa haja zake yenyewe, hasa kodi, kazi, ardhi na amani. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1901. Kipande, ile karatasi yenye alama za vidole ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuitembeza katika kikopo cha bati, kilitungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita, kati ya 1919 na 1920. Ndiyo maana utawakuta humo machifu, maliguru, walipaji kodi, washtakiwa wa mabaraza na waliogombania mipaka ya mashamba. Mtu mtulivu aliyelipa kodi yake na kulima shamba lake huenda asionekane popote.

Na wanawake je? Hapa ndipo moyo wangu ulipouma. Kodi ilihesabiwa kwa nyumba. Mwanamume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu. Basi jina la mume linaandikwa, na wake zake wanakuwa hesabu ya nyumba. Bibi zetu waliolima na kuzaa wameandikwa humo kama tarakimu.

Wala usitarajie cheti cha kuzaliwa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilianza mapema katika karne iliyopita, lakini kwa miaka mingi haikuwalazimu Waafrika. Ilienea nchi nzima mwaka 1971. Isitoshe, mwaka 1939 moto uliteketeza makaratasi mengi ya makao makuu ya serikali hapa Nairobi. Kwa habari za kabla ya hapo, mara nyingi utategemea mafaili ya mikoa na wilaya.

Siku ya kwanza hatukupata kitu. Siku ya pili, karibu saa tisa alasiri, mpwa wangu akanigusa mkono. Katika orodha ya wakuu wa vijiji lilikuwapo jina la yule liguru mkali! Karani wa Kizungu alikuwa ameliandika kwa herufi alizozijua yeye, R mahali pa L, lakini tulipolisoma kwa sauti ya chini lilikuwa ni lile lile alilotutajia nyanya. Na kando yake palikuwa na jina la lokesheni.

Babu mwenyewe hakuwamo, lakini sasa tulijua pa kwenda.

Mstari mmoja katika kitabu

Wiki mbili baadaye tulikuwa magharibi, katika parokia kongwe ya Kikatoliki ya upande ule. Wamisionari wa Mill Hill walifika sehemu hizo mapema, Mumias mwaka 1904 na Mukumu mwaka 1906, na mapadri wa Kikatoliki walikuwa na desturi ya kuandika kila ubatizo katika kitabu, kwa Kilatini. Humo unapata jina la anayebatizwa, majina ya wazazi wake, kijiji na msimamizi.

Padri alitufungulia vitabu viwili. Katika kile cha pili tukampata. Mstari mmoja tu! Jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba yake, kijiji cha kando ya kijito. Na baada ya jina la baba, palikuwa na jina la mama yake.

Mpwa wangu alilisoma mara mbili. Kisha akatoka nje, akampigia nyanya simu Kitale.

"Nyanya, mama yake baba yako aliitwa nani?"

"Sijui, mwanangu. Hakuna aliyeniambia."

Akamsomea lile jina. Upande wa pili pakawa kimya mpaka tukadhani simu imekatika. Halafu ajuza akasema taratibu: "Hilo ni jina langu. Siku zote nilikuwa nikijiuliza nilipewa jina la nani."

Mama huyo, ambaye katika daftari la kodi alikuwa nyumba tu, alikuwa ameishi zaidi ya miaka themanini katika jina la mjukuu wake, na mjukuu mwenyewe asijue.

Kutoka parokiani tukaongozwa hadi kwenye kijito. Tulipotaja jina la yule baba aliyeandikwa kitabuni, mzee mmoja wa kijiji akaelekeza kidole: "Boma lao lilikuwa pale penye ule mti. Kijana wao mmoja alikwenda kwa Wazungu, akapotea." Akatutajia ukoo. Ulikuwa ni mmojawapo wa yale majina mawili ya nyanya. La pili, akasema, ni la kwao mama. Hakuna hata mmoja uliokuwa ukoo wa msichana.

Posa ikakubaliwa. Na yule ami wa msichana, aliyetutuma, ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Wewe utaanzia wapi?

Labda kwenu si magharibi, na historia yenu ni nyingine. Hata hivyo, njia ni ile ile. Nakupa machache niliyojifunza.

Kwanza, anza kwa mzee. Muulize majina yote ya mtu mmoja: la nyumbani, la ubatizo na la utani. Muulize chifu, mto, soko na shule. Kama hajui mwaka, muulize rika. Kwa Wakalenjin, mtu akikuambia babu yake alikuwa Nyongi au Kaplelach, amekupa kipindi cha ujana wake. Kwa Wajaluo, Otieno alizaliwa usiku na Okoth wakati wa mvua. Mwaka hamtaupata hapo, lakini kila neno ni kamba ya kushikilia.

Pili, jua majina ya zamani ya mahali. Kisumu iliitwa Port Florence, na Nyahururu iliitwa Thomson's Falls. Na kama kwenu ni Nyanza au magharibi, kumbuka kwamba hadi mwaka 1902 sehemu hizo zilitawaliwa kama mkoa wa Uganda. Karatasi za kabla ya hapo huenda zikawa kwa jirani.

Tatu, soma majina kwa masikio. Makarani waliandika walivyosikia kupitia kwa wakalimani.

Nne, usiishie Akaivu. Gazeti Rasmi la Serikali limekuwa likichapishwa tangu 1899, na siku hizi matoleo mengi ya zamani yanasomeka katika intaneti. Humo kuna matangazo ya mirathi na ya ardhi. Familia za Kihindi zinaweza kuanza na reli, kwani zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kati ya 1896 na 1901 kuijenga, na maelfu kadhaa wakabaki. Wenye asili ya Frere Town na Rabai, ambao wazee wao walikombolewa utumwani, wana vitabu vya kanisa na pia barua za wamisionari wa CMS zinazotunzwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Rabai ndiko watoro zaidi ya 1,400 walikopewa hati za uhuru mwanzoni mwa 1889.

Wenye wazee waliofungwa kizuizini wakati wa Mau Mau wajue kwamba Uingereza ilikiri mwaka 2011 kuwa ilikuwa imeficha mafaili iliyoyahamisha kutoka makoloni yake, yakiwamo ya Kenya. Sasa yako wazi katika hifadhi yao ya taifa huko Kew. Karatasi hizo zilisaidia kesi iliyoifanya serikali hiyo mwaka 2013 ikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya Wakenya 5,228. Karatasi kuukuu si takataka.

Na kama mzee wenu alichukuliwa kuwa mpagazi wa Kariakor katika Vita vya Kwanza vya Dunia asirudi, ujue kwamba wengi wa hao hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina yao. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo katika ripoti yake ya 2021. Kwa hao, jina lililobaki kinywani mwa nyanya ndilo kaburi lao.

Hapo ndipo ninapotaka kumalizia. Yule karani alisema kweli kwamba karatasi hazikimbii. Zimekaa ndani ya jumba lile miaka na miaka, na kesho bado zitakuwapo. Lakini bila yale maneno manne ya ajuza wa Kitale, zisingalitufaa chochote.

Kwa hiyo, siku utakayosimama tena nje ya Akaivu ukimngoja mtu aliyechelewa, ingia ndani utazame. Ila kabla ya siku hiyo, mpigie simu mzee wenu. Chukua daftari na kalamu. Muulize sasa, angali anaweza kukugombeza kwamba umechelewa kuuliza.